Nirudishieni IST yangu

Hivi jamani, nani alituletea huu ustaarabu wa kufika hotelini unamkabidhi funguo za gari mtu usiyemjua hata kwao wapi? Jana tulikuwa na sendofu ya binti wa shangazi yake mama watoto, huko Mbezi Beach, hoteli ya kitalii hasa. Kadi ya double, mchango nimeumalizia kwa mkopo wa simu, sasa ukishaumia kiasi hicho unataka na wewe ujisikie mtu.

Getini wakapitisha kile kioo chini ya gari, wakaiona ekzosi niliyofunga kwa waya, wakatazamana. Maji yetu wakayazuia. Ndani chupa elfu sita, na VAT asilimia 18 wanaiweka kando, utadhani haikuhusu mpaka bili ije.

Mlangoni kijana kavaa glovu nyeupe kwenye joto lile, akanifungulia mlango. Hapo alinisaidia kweli maana mlango wa dereva unafunguka kwa nje tu. Nikaanza kumweleza, mdogo wangu sikiliza, huu mlango... akanikata, "Usijali bosi, sisi tunaendesha mpaka Range Rover." Haya. Akanipa kikadi cha plastiki, akaondoka na gari yangu.

Saa saba usiku tunatoka, natoa kikadi kwa madaha mbele za watu, inakuja Harrier nyeupe namba E. Nikanyamaza kidogo, simlaumu mtu atakayenyamaza pale. Mama watoto alikuwa ameshakaa mbele, kafunga mkanda na kuvua viatu! Mwenye gari akatokea, mzee wa suti, ikabidi mama watoto ateremke na viatu mkononi huku anasalimia.

Yangu haionekani. Redio koo zikalia, walinzi wakakimbizana, wakaja na meneja wa zamu. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Wowote upi wakati na wewe umesimama ndani yake? Watoto wameachwa kwa jirani, kesho kazini, miguu inawaka, unanisomea karatasi!

Tukaikuta nyuma ya jenereta, jirani na mapipa ya jikoni. Maprado yote yamepangwa mbele kwenye taa, IST namba C kaifiche. Kumbe yule bwana alipopaki akakuta mlango haufunguki, kapambana humo ndani, akaja kutokea upande wa abiria, kile kiatu chake kimechora dashibodi yote, na taa kaacha zinawaka. Betri imekufa. Wanataka tusukume. Gari ya auto mnaisukuma iende wapi?

Aliyetuokoa ni jamaa wa kirikuu aliyeleta samaki, ana waya zake za kubusti, katuwashia kwa elfu tano na harufu juu. Wa glovu akaja mbio kunifungulia mlango, akafunga taratibu, hajaondoka. "Bosi, hata ya maji."

Maji si mmeyachukua getini!

Na asubuhi hii naamka, mwenyekiti ameshatuma kwenye grupu, wajumbe tujitahidi elfu hamsini hamsini ya kuvunja kamati. Kuvunja kamati nako kunahitaji mbuzi na ukumbi? Si mtu aandike tu kwaheri, atoke kwenye grupu? Na wanapendekeza ukumbi wenye paking ya uhakika, sijui wananisema mimi.