Tunatembea Tu

Moshi hapa mtu akionekana anatembea kwa miguu lazima awe na sababu. Anawahi kazini, anatoka sokoni, anapeleka chakula cha mgonjwa Hospitali ya Mawenzi, au bodaboda imemwishia mafuta njiani. Ukijibu kwamba unatembea tu, watu wanakuangalia usoni, wanashuka hadi kwenye viatu, halafu wanakuuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani ni kwema. Sasa chukua mume na mke, wote wameshavuka hamsini, gari lao limelala nyumbani na mafuta yamo, wanazunguka mji kutwa nzima bila kwenda popote. Hivyo ndivyo Mama Watoto alivyonianika mjini Jumamosi iliyopita.

Wazo lilitoka kwenye simu. Siku hizi mateso yangu yote yanatoka kwenye simu. Kaona video ya bwana na bibi, sijui wa nchi gani, wanazurura kwenye kamji kadogo ka joto kenye minazi, wameshikana mikono, wanaingia kichochoro hiki wanatokea kile, wanalamba aiskrimu, wanacheka. Hawana haraka, hawadaiwi, wala hawajabeba mfuko wa dawa za presha. Akaniambia, "Baba Watoto, watu wanapanda ndege kuja kuuona mji huu, wewe unaishi humu na hujawahi kuutazama." Nikamwambia nautazama kila siku kwenye kioo cha gari. Akasema basi Jumamosi gari linabaki.

Ukumbuke huyu ni mwalimu mstaafu wa historia, na mwalimu hastaafu, anabadilisha darasa tu. Darasa lililobaki ni mimi.

Alipanga tutoke saa kumi na mbili asubuhi, Mlima Kilimanjaro ukiwa wazi. Saa kumi na mbili nikawa tayari nimevaa. Yeye akakumbuka maharage yako jikoni. Akakumbuka kuku hawajapewa pumba. Akakumbuka kumpigia dada yake Rombo, na simu ya Rombo haijawahi kuwa ya dakika mbili. Tunatoka getini saa nne, kilele cha Kibo kimeshajifunika, kile cha Mawenzi ndiyo usiseme. Na hili la mlima lazima nilitoe moyoni. Mita 5,895, hakuna mrefu zaidi yake Afrika nzima, na ukiutafuta saa nne asubuhi huuoni! Mgeni katoka Ujerumani, kalipa, kafika, anaonyeshwa mawingu. Mimi nimezaliwa chini yake na sijawahi kufika hata geti la Marangu. Kilele nakionea kwenye chupa ya maji. Lakini nikienda Dar, mtu akisikia tu natoka Moshi, swali la kwanza ni kama nimeshaupanda. Mbona sisi hatuwaulizi kama wameshaogelea mpaka Unguja?

Halafu wanadhani kwa kuwa juu kuna barafu basi huku chini tunatetemeka. Waje saa saba mchana Februari wasimame pale stendi. Baridi waulize Arusha, wao wako mita kama 1,400 juu ya bahari. Sisi mjini hatufiki hata 1,000, na joto letu lina bidii.

Tulipofika barabara kubwa, Mama Watoto akanishika mkono. Hadharani. Pasua, mtaa ambao fundi cherehani ananijua, muuza mkaa ananijua, na mke wa mchungaji alikuwa anakuja mbele yetu. Nikawa naenda nimeshikwa mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo. Mke wa mchungaji akatuona, akapunguza mwendo, akamwambia mwenzangu, "Pole mama, amezidiwa?" Akaniambia na mimi niwe nakunywa maji mengi.

Mama Watoto akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mkono hakuuachia.

Bodaboda nao. Kila kona wako saba, wanane, na wote wana huruma. "Baba, panda." "Mama, elfu moja tu." "Wazee, jua hilo." Ukisema hapana, mmoja anakufuata polepole, kwa imani kwamba utachoka. Nikamwambia kijana mmoja, "Tunatembea tu." Akauliza, "Kutoka wapi kwenda wapi?" Nikasema hakuna. Akamgeukia mwenzake, wakatazamana kwa namna ambayo sikuipenda.

Kituo cha kwanza kilikuwa stesheni ya reli. Hapo darasa likaanza. Wajerumani waliivuta reli kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Wakaja Waingereza, wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929. Baadaye treni ya abiria ikapotea miaka na miaka, sisi tukazoea mabasi, ikarudi Desemba 2019. Anasimulia ameketi kwenye benchi, anapepea kofia, na mimi kwa kweli nilianza kunogewa. Mlinzi akaja.

"Shikamooni. Mnamsubiri nani?"

"Hatumsubiri mtu."

"Ahaa, mnasafiri."

"Hatusafiri."

Akafikiri. "Mmeleta mzigo?"

"Tumekaa tu, mwanangu," mwenzangu akamwambia. "Tunapumzika, tunautazama mji."

Yule kijana hakuwa na adabu mbaya, nisimsingizie. Alirudi kwenye kiti chake, akakigeuza kitutazame. Mama Watoto alipotoa simu apige picha ya jengo, kijana akasimama. Aliporudisha simu kwenye pochi, akakaa. Akaitoa tena, akasimama tena. Mwisho nikasema tuondoke kabla mtoto wa watu hajapata maumivu ya magoti.

Mjini tukapokelewa na wale vijana wa bangili, batiki na picha za twiga. Miaka yote nakatiza pale hakuna aliyewahi kunisemesha. Siku hiyo, kwa sababu mwenzangu ana kofia pana na raba na kibegi mgongoni, tumekuwa watalii. Wakaanza na Kiingereza. Nikajibu Kiswahili. Mmoja akasema, "Wakenya hao," na bei ya bangili ikapanda papo hapo. Mama Watoto akamwambia kwa Kirombo maneno ambayo mimi mtu wa Kibosho siyaelewi vizuri, lakini kijana aliyaelewa, kwa sababu aliinama na kutuamkia upya.

Mnara wa Saa sina mengi ya kusema. Ni mnara, una saa, uko katikati ya mzunguko wa magari, na kumvusha mke wako hadi pale apigwe picha ni kuhatarisha ndoa na maisha kwa wakati mmoja.

Sasa kahawa. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Tulipita jengo la KNCU, nikapewa somo lingine: wakulima wetu walianza na chama chao mwaka 1925, mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ushirika wa kwanza kwanza huku kwetu, shule ngapi zimejengwa kwa fedha ya kahawa, watoto wangapi wamesomeshwa. Yote najua. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kahawa. Kihamba cha marehemu baba kilikuwa na migomba juu na mibuni chini yake, na likizo zetu ziliishia humo. Tunachuma zile nyekundu tu, ukichanganya na mbichi unakula kiboko. Jioni unazungusha mashine ya mkono kuzimenya, zinalala kwenye maji, zinaoshwa mpaka utelezi uishe, zinaanikwa, na wewe unawekwa kulinda mvua. Mvua ya Kibosho! Wingu moja likionekana, ukoo mzima unakimbia na maturubai. Kisha gunia linakwenda ushirika, na baba anarudi nyumbani, anakaa, anaitisha chai. Ndiyo, chai. Maisha yake yote sikumwona na kikombe cha kahawa mkononi. Hakuna aliyekuwa anakunywa. Kahawa ilikuwa ada ya shule, haikuwa kinywaji.

Basi Mama Watoto akaniingiza kwenye mgahawa, jina nalihifadhi, wenye viti vya mbao ambazo hazijapigwa randa, nasikia ndiyo mtindo. Kijana wa aproni nyeusi akaja akauliza kama tunafurahia ziara yetu. Nikamwambia tunatoka Pasua. Akatabasamu, akauliza kama tungependa maziwa ya kawaida au ya lozi. Nikamuuliza lozi inakamuliwa saa ngapi. Nikakanyagwa mguu chini ya meza. Ikaja kahawa, povu juu, na kwenye povu wamechora jani. Nikanywa jani likaisha, kahawa nikaikuta chini huko, vidole viwili. Shilingi elfu saba kikombe! Na ukutani wameandika kwamba kahawa hiyo imetoka mteremko wa Kilimanjaro, imechumwa kwa mkono. Mkono wa nani? Mkono wangu! Nimechuma bure, nimemenya bure, nimeikimbizia mvua, leo nauziwa na jani juu. Mzee wa birika pale nje, mwenye makaa na vikombe vyake vidogo, anakupa kwa mia mbili na kashata unachagua, na habari za siasa anakuwekea humo humo.

Nilikunywa nyingine kwa mzee wa birika, kwa hasira. Usiku sikulala, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Mchana tukala mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, na hapo likanipata jambo ambalo Moshi tu ndipo linaweza kukupata. Mji wetu una sifa ya usafi nchi nzima, na hakuna mkazi anayetaka kuonekana akitupa kitu chini, achilia mbali faini. Gunzi langu likakosa pipa. Nikaliweka mfukoni mwa suruali. Nikatembea na gunzi la moto mfukoni kupandisha hadi Shanty Town, ambako Mama Watoto alitaka tupite chini ya mijakaranda. Mitaa mizuri, sikatai, kivuli, kimya, nyua ndefu. Kimya chenyewe kiliisha tulipofika. Mbwa wa kwanza akabweka, wa pili akapokea, na mageti yakaanza kufunguka kidogo kidogo, kila geti linatoa kichwa cha mlinzi. "Mnamtafuta nani?" Hakuna. "Mmepotea?" Hapana. Mmoja alinitazama mfukoni palipovimba, akaniuliza nimebeba nini. Nikatoa gunzi. Tuliangaliana muda, mimi na yeye na gunzi, halafu akanionyesha pipa lilipo. Nilimshukuru kwa dhati.

Wakati wa kushuka miguu ilikuwa inawaka, na mwenzangu akasema tupite Soko la Kati tuangalie tu. Wanaume wenzangu mnajua mwisho wa kuangalia tu. Muuza ndizi akamwita "dada", yakatoka maneno mawili, ikabainika wote wa Rombo, vijiji jirani, na binamu wa mmoja kaolewa kwa mwingine. Nikasimama hapo mpaka nikawajua wajukuu kwa majina. Mimi nikaitwa "shemeji" na kupewa ndizi moja ya kisukari ninyamaze. Walipomaliza, mkungu mzima wa ndizi mshare ukawa umenunuliwa, elfu kumi na mbili, bei ya ndugu, haukataliki. Na bega lililokuwepo karibu lilikuwa langu.

"Tuite bodaboda," nikasema.

"Baba Watoto, si tulikubaliana kwa miguu?"

Utomvu wa ndizi, kwa asiyejua, ukidondokea shati jeupe hautoki. Uloweke, uusugue na ndimu, uuombee, baadaye unageuka kahawia na hapo ndipo unahamia rasmi. Ukadondoka kwenye kola, ukashuka begani hadi kiwikoni.

Lakini kuna maajabu. Tangu nijitwishe ule mkungu, hakuna mtu aliyeniuliza ninakwenda wapi. Hata mmoja! Mlinzi wa stesheni alitupungia. Bodaboda wakanipisha. "Pole na kazi, meku," wananiambia, yaani mzee kwa Kichaga. Hata vijana wa bangili hawakuniona. Nilipita mji mzima ninaeleweka.

Hiyo amani ilidumu usiku mmoja. Jumapili tumetoka ibadani, mzee wa kanisa akanivuta pembeni, akasema mambo ya dunia ni kupanda na kushuka, nisione aibu, usharika upo. Sikumwelewa. Saa nane mdogo wangu akapiga kutoka Dar, sauti imepoa. "Kaka, kwa nini hukuniambia?" Nikamuuliza nini. "Kwamba umeuza gari. Tena nasikia shemeji anakushika mkono kukuongoza, na mchana kutwa mnapita nyumba kwa nyumba Shanty Town mnauza ndizi."

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, tangu video ya minazi. Akaniacha nimalize, akasema, "Sawa kaka, najua ni vigumu kulizungumzia." Kabla hajakata ikaingia laki moja kwenye simu yangu, na jioni kundi la ukoo lilikuwa limeanza orodha ya michango, shangazi wa Machame kaahidi debe la mahindi na kuku wawili.

Mama Watoto anasema nirudishe pesa za watu. Mimi sijakataa. Nauliza tu, makato ya kutuma analipa nani? Maana mimi sikuomba, na yeye ndiye aliyetaka tutembee.