Bustani Imestawi, Mimi Nimechakaa

Watu wakiiona bustani imestawi wanasema, "Hongera, una mkono mzuri." Hongera ya nini? Mkono wenyewe huu hapa, umeganda rangi ya majani ya nyanya hadi sabuni imenyoosha mikono. Nilipanda mboga ili jioni nipumzike. Sasa jioni ndiyo zamu inaanza.

Bamia haina adabu. Leo kidole, ukisema utaichuma kesho halafu ukapata mgeni, keshokutwa ni nyuzi tupu, meno yanagoma. Ukiziacha zikomae, mche unaona mbegu zimepatikana, kazi imekwisha, unapunguza kuzaa. Ukizichuma, unazaa zaidi. Hebu niambieni, hapo nani kaajiriwa na nani? Na matango yameiga tabia hiyohiyo.

Boga ndilo limevuka mipaka. Lilianza kwa kutoa maua dume tu, siku nenda siku rudi, mpaka nikawa nalitolea maneno. Hatimaye majike yakaja, kila ua na kiboga chake cha ukubwa wa gololi hapo chini ya petali. Mambo ya ua hilo ni ya haraka: linafunguka alfajiri, ikifika adhuhuri limejifunga, na nyuki asipotokea, kiboga kinageuka njano kinadondoka. Basi mimi, mtu mzima na familia yangu, alfajiri nimeinama, nimechuma ua dume, nimelinyonyoa petali, nazunguka nikiwapaka majike chavua. Mke wangu akauliza dirishani nafanya nini. Nikamjibu nimekuwa mshenga.

Posa ikakubaliwa. Sasa mtambaa umepanda ukuta, umeshika kamba ya nguo, na kikono kimoja kimejisokota kwenye kifungo cha shati langu. Shati nimeliacha hapohapo. Ninalo jingine.

Tena usiku mvua ikipiga, naamka na tochi. Nyumbani nimewaambia nawinda konokono. Konokono gani! Namulika nyanya iliyoanza kuwa nyekundu upande mmoja, naigeuza kidogo nione na upande wa pili, narudi kulala nikitabasamu peke yangu.

Tatizo ni majirani. Mwanzoni walikuwa wanaomba wenyewe. Siku hizi wakiniona na mfuko wanajificha. Juzi mmoja kazima redio akanyamaza kimya, nami nasikia anavyobana kikohozi. Nikamwachia matango mlangoni, nikaondoka kwa heshima. Asubuhi nimeyakuta mlangoni kwangu, na yameongezeka.