Taimushea ya Disney na ya Marriott: Ipi Inakuachia Nafasi ya Kujigeuza?

Ukifika Orlando, Florida, hukai sana kabla ya kukutana na mtu anayekupa tiketi za viwanja vya burudani kwa bei poa, kwa sharti moja tu: ukae saa moja na nusu usikilize habari za kumiliki likizo. Wengi wetu tunaoishi Marekani tumeshakalishwa kwenye viti hivyo, tukanyweshwa kahawa, tukaonyeshwa picha za fukwe. Baada ya hapo swali linaingia kwenye makundi ya familia: kama ni lazima ununue taimushea, yaani umiliki wa likizo kwa zamu, ni afadhali ya Disney au ya Marriott?

Majibu huwa mawili. Mmoja atasema Disney, maana huduma yao haina mfano. Mwingine atasema Marriott, maana wapo kila mahali. Wote wawili wana haki yao, ila nadhani wanapima upande mmoja tu wa jambo. Wepesi wa mpango kama huu, yaani uhuru wa kubadili mipango yako, hauonekani kwenye orodha ya rizoti. Unaonekana siku unapotaka nafasi na kila mtu anaitaka, siku safari inapovunjika, na siku unapotaka kuachana nao.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu kinachouzwa. Disney Vacation Club, ambayo wanachama huiita DVC, ilianza mwaka 1991 na rizoti moja, ile inayoitwa leo Old Key West, ndani ya Walt Disney World, eneo la viwanja vya burudani vya Disney huko Orlando. Tangu mwanzo iliuza pointi. Unanunua pointi zilizofungwa kwenye rizoti moja, ambayo kimkataba ndiyo nyumbani kwako. Kila mwaka zinajazwa upya, nawe unazitumia usiku kwa usiku. Marriott ilitangulia, mwaka 1984, ikianzia kisiwa cha Hilton Head huko South Carolina. Yenyewe iliuza wiki: nyumba ya ukubwa fulani, katika msimu fulani, kila mwaka. Pointi ilizileta mwaka 2010. Mwaka uliofuata biashara hiyo ilitenganishwa na kampuni ya hoteli, ikawa Marriott Vacations Worldwide, na mwaka 2018 ikainunua ILG, kampuni nyingine ya taimushea, na kupata rizoti za Westin na Sheraton. Mpango wa Abound wa mwaka 2022 ndio uliounganisha milki hizo kwenye mfumo mmoja wa pointi. Kwa hiyo mtu akikwambia ana Marriott, muulize: wiki au pointi? Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuhusu ubora, mahali pazuri pa kulinganisha ni Ko Olina, magharibi mwa kisiwa cha Oahu, Hawaii. Pwani ile ina vighuba vinne vilivyochimbwa na binadamu. Aulani ya Disney, iliyofunguliwa mwaka 2011, iko kwenye kighuba cha kwanza. Ko Olina Beach Club ya Marriott iko kwenye cha tatu, na njia ya waenda kwa miguu inaviunganisha vyote. Fukwe za Hawaii kisheria ni za umma, kwa hiyo mchanga ni ule ule na machweo ni yale yale. Tofauti inaanza ukishafungua mlango wa chumba.

Vila ya vyumba viwili ya Marriott pale ina jiko kamili, mashine ya kufulia na sebule ya kukaa watu. Zaidi ya hayo, inaweza kugawanywa kwa mlango wa katikati ikawa makazi mawili yenye funguo tofauti. Mwenye wiki moja anaweza kulala upande mmoja wiki hii na upande wa pili wiki nyingine, au akautumia mmoja na kuupeleka wa pili kubadilishana kwingine. Kwa familia ambayo bibi amekuja kutoka nyumbani na anataka utulivu wake, mlango huo una thamani kuliko bwawa lolote. Upande wa Disney, kinachonunuliwa na wengi ni studio: kitanda kikubwa, sofa ya kukunjua, friji ndogo na maikrowevu. Ukitaka sufuria ya wali na jiko la kuiwekea, inabidi upande hadi chumba kimoja chenye sebule, na hapo pointi zinakaribia kuongezeka maradufu. Unacholipia Aulani ni mto wa kuelea, michezo ya watoto na wahudumu waliofunzwa kumfurahisha mtoto wa miaka mitano. Kwa eneo la kuishi peke yake, Marriott inashinda waziwazi.

Orlando kwenyewe mizani inageuka. Grande Vista na Cypress Harbour za Marriott zina nafasi tele na maziwa ya kupendeza, lakini kila asubuhi unaingia kwenye gari, unapanga foleni na kulipia maegesho ya Disney. Aliyelala ndani ya Walt Disney World anapanda basi au boti bila malipo, na anaingia kwenye viwanja nusu saa kabla ya wengine. Mwenye watoto wadogo anajua nusu saa hiyo ina maana gani. Halafu kuna Jambo House na Kidani Village, sehemu mbili za rizoti ya DVC ya Animal Kingdom, zenye majina yetu, mikahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa, na twiga wanaokatiza chini ya roshani. Mgeni aliyetoka Arusha anaweza kucheka. Watoto waliozaliwa Minnesota hawacheki hata kidogo. (Barani Afrika kwenyewe, hakuna klabu kati ya hizi mbili yenye rizoti yake.)

Sasa tuje kwenye wepesi, ambako ndiko wauzaji hupitia haraka.

DVC inakuruhusu kuweka nafasi kwenye rizoti yako ya nyumbani miezi 11 kabla, na kwenye nyingine miezi 7 kabla. Ukisikiliza haraka inaonekana ni tofauti ndogo tu. Kwa vitendo, ile miezi minne ndiyo klabu yenyewe. Jambo House ina studio chache za kiwango cha chini zinazotoza pointi kidogo kuliko vyumba vingine vya pale. Hizo huisha siku ile ile dirisha la miezi 11 linapofunguka. Wenye uzoefu wana mbinu wanayoiita kutembeza: unaweka nafasi ya tarehe za mapema usizozihitaji, kisha kila asubuhi unasogeza siku moja mbele, mpaka ufike kwenye tarehe zako ukiwa umeshashikilia chumba. Ni halali, na inawakera wasioijua. Mtu akinunua pointi za rizoti asiyoipenda kwa sababu tu ni nafuu, akitegemea kulala kwingine kwa dirisha la miezi 7, mwezi wa Desemba atabaki anapiga miayo mbele ya kompyuta.

Marriott ya wiki ina kanuni yake. Wiki nyingi zinaelea ndani ya msimu, na unaomba miezi 12 kabla. Mwenye wiki mbili au zaidi, za kufuatana au za wakati mmoja, anaruhusiwa miezi 13. Hapo mwenye wiki moja anayetaka sikukuu anajikuta nyuma ya foleni kabla hajaamka. Marriott ya pointi inakupa uhuru wa kukaa siku tatu badala ya wiki nzima, na ramani yake ni pana kweli: Maui, Aruba, Marbella ya Hispania, Phuket, mtaa wa Mayfair jijini London. Tena ina madaraja ya wanachama, na daraja hupanda kadiri unavyonunua kwa kampuni yenyewe. Wepesi unaouzwa hapo ni ule unaoongezewa pesa. Bado nakubali kwamba kwa mtu asiye na haja na Mickey, DVC ni finyu: karibu yote iko Florida, na nje ya hapo kuna California, Hawaii na Hilton Head. Disney inakuruhusu kubadilishana kwingine kupitia Interval International, kampuni ya kubadilishana likizo ambayo, kwa kichekesho cha biashara, ni mali ya Marriott Vacations Worldwide.

Safari ikivunjika je? Sisi hili linatuhusu kuliko wengine. Msiba ukitokea Mombasa au Bukoba, pesa na siku za likizo zilizopangiwa Orlando zinahamia kwenye tiketi ya nyumbani, na hakuna atakayekuuliza. DVC inakuruhusu kuhamishia pointi mwaka unaofuata, au kukopa za mwaka ujao, lakini lazima uhamishe ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wako wa matumizi, yaani kuanzia mwezi ambao pointi zako hujazwa upya. Ukighairi zikiwa zimebaki siku 30 au pungufu, pointi zinawekwa pembeni na utazitumia tu kwa nafasi zilizosalia ndani ya siku 60 zijazo. Ni ugumu, lakini walau unaandikika kwa mistari miwili. Mwenye wiki ya Marriott anaweza kuikabidhi Interval na kusubiri, ila kubadilishana ni maombi, wala si haki. Pointi za Marriott nazo zinawekwa akiba na kukopwa. Kuzigeuza kuwa pointi za Bonvoy, zile za kulalia kwenye hoteli za Marriott, kunawezekana pia, japo sijaona hesabu ambayo mtu anatoka na faida.

Linalobaki ni zito kuliko yote: kutoka.

Mikataba ya DVC ina mwisho. Ya Old Key West mingi na ya BoardWalk inaisha mwaka 2042, ya Animal Kingdom mwaka 2057, ya Riviera mwaka 2070. Wauzaji wa kampuni nyingine hulitaja hili kama kasoro: kwamba unalipia kitu kitakachoyeyuka, ilhali wao wanakupa hati ya kudumu utakayowarithisha watoto. Hoja ina uzito nusu. Ni kweli kwamba pointi za 2042 zinapungua thamani kila mwaka. Lakini hati ya kudumu ya wiki ya Marriott ni ada ya kudumu pia, na ada hupanda. Kwetu neno urithi linagusa moyo, kwa sababu tunalifikiria kama shamba au nyumba. Shamba halikutumii bili kila Januari hata kama hukulima. Watoto wana haki ya kuukataa urithi wa namna hii, na si ajabu wengi wakaukataa.

Soko la mtumba ndilo linaloonyesha ukweli. Disney ina haki ya kununua kwanza kila mkataba unaouzwa, na huwa inaitumia, jambo linalozuia bei kuanguka chini kabisa. Mwaka 2024 bei ya kununua kwao moja kwa moja ilizidi dola 200 kwa pointi kwa rizoti nyingi. Aliyenunua zamani kwa bei ya chini anaweza kuuza bila kulia. Pointi za Marriott zikirudi sokoni huuzwa mara nyingi chini ya nusu ya bei ya kampuni. Wiki za Hawaii hujitetea zaidi, hizo tusizitie kapu moja na zingine. Hata hivyo Disney nayo imeanza kubana: tangu tarehe 19 Januari 2019, anayenunua pointi za rizoti 14 za awali kutoka kwa mmiliki mwingine hawezi kuzitumia Riviera wala rizoti mpya zilizofuata, na anayenunua za Riviera kwa njia hiyo amefungiwa Riviera peke yake. Marriott ilitangulia kwa mtindo huo huo mwaka 2010, wiki zilizonunuliwa mtumba zilipozuiwa kuingia moja kwa moja kwenye mfumo wa pointi. Kampuni zote mbili zinajua mpinzani wao mkubwa ni mwanachama wa jana anayeuza.

Piga hesabu ya pointi 150 za DVC kwa dola 200: ni dola 30,000, na zinakupa takriban wiki moja ya studio kwa mwaka. Ongeza ada ya kila mwaka, ambayo mwaka 2024 ilikuwa kati ya dola 7 na 10 kwa pointi kwa rizoti nyingi za Florida, yaani dola elfu moja na zaidi hata usiposafiri. Ukikopa kwa muuzaji, riba mara nyingi hupita asilimia 10. Pointi hizo hizo unaweza kuzikodi kwa mwanachama kupitia dalali kwa karibu dola 20 kila moja, ukalala chumba kile kile mwaka huu, na mwakani ukaenda Lamu. Kwa familia isiyo na uhakika wa kwenda Florida angalau mwaka mmoja katika kila miwili, sioni kwa nini inunue.

Kwa anayenunua kweli, msimamo wangu ni huu: DVC ya mtumba, kwenye rizoti unayotaka kulala Desemba, kama wewe ni mtu wa kupanga miezi 11 kabla. Wiki ya Marriott ya mtumba, yenye ule mlango wa katikati, kama kuna pwani moja mnayoipenda na hamuichoki. Pointi mpya za Marriott kwa bei ya kampuni ndizo ngumu kuzitetea, ingawa ndizo zenye ramani nzuri kuliko zote ukutani. Na kama kalamu imeshapita, sheria ya Florida inakupa siku 10 za kuvunja mkataba, kuanzia siku ya kusaini au ya kupokea nyaraka za mwisho, ipi iliyo baadaye. Kuvunja ni kwa maandishi, kwa anwani iliyotajwa kwenye mkataba. Simu kwa yule kijana mchangamfu aliyekuuzia haihesabiki. South Carolina siku ni tano tu, kwa hiyo angalia umesaini ukiwa wapi kabla hujafungua begi.