Menta siyo mganga, ila kumdharau nako ni hasara

Kuna ubishi mmoja unajirudia kila watu wa startapu, yaani kampuni changa zinazotaka kukua haraka, wanapokutana, na ukianza tu najua utaishia wapi. Upande mmoja wanakwambia tafuta menta, yaani mzoefu wa kukushauri, jenga netiweki ya watu, bila koneksheni hutoboi. Upande wa pili wanacheka, wanasema acha kuzurura kwenye makongamano ukipiga picha na wakubwa, rudi ukae chini utengeneze bidhaa, mteja hanunui netiweki yako. Na huu upande wa pili ndo wenye nguvu siku hizi, sababu unasikika kama watu wazima wanaongea, wachapakazi wasiopenda porojo.

Mi hiyo kejeli imenichosha kidogo, ingawa naelewa inakotoka.

Inatoka mahali pa kweli. Mwanzilishi mwenye hela ya miezi michache benki na mwenzake mmoja tu wa kuandika programu, kila jioni anayoimaliza ukumbini akibadilishana namba ni jioni ambayo hajaongea na mteja. Alafu ushauri wenyewe unagongana. Nilishawahi kukaa na washauri watatu ndani ya wiki moja, wa kwanza akasema pandisha bei, wa pili akasema toa bure kwanza watu wazoee, wa tatu akasema badilisha biashara yote, na wote watatu walikuwa wanaongea kwa uhakika uleule. Wiki iliyofuata hatukufanya kazi yoyote ya maana, tulikuwa tunabishana tumfuate nani. Na kuna lingine, mtu aliyefanikiwa mara moja anakuhadithia njia aliyopita yeye, hajui ni wangapi walipita hapohapo wakaanguka, maana hao hawaitwi kuja kuongea jukwaani. Hayo yote sibishi.

Wanapokosea ni kudhani menta ni huyo wa jukwaani.

Kuna utafiti mmoja naupenda, pengine kupita kiasi, wa wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, ulitoka 2018. Walienda Dandora, Nairobi, wakachukua wanawake wenye biashara ndogo ambazo bado changa, wakawagawa kwa kura. Kundi moja likapelekwa darasani kufundishwa mambo ya biashara. Kundi lingine kila mmoja akaunganishwa na mwanamke mzoefu anayefanya biashara eneo hilohilo. Kundi la tatu likaachwa lilivyo ili pawe na cha kulinganisha. Waliokaa darasani walibadilisha kweli baadhi ya namna za kuendesha biashara zao, ila faida haikusogea. Waliopewa menta faida ilipanda, wastani asilimia 20.

Sasa ukiuliza hao wazoefu waliwapa siri gani, jibu halina mbwembwe hata kidogo. Kikubwa kilichoonekana ni habari za wauzaji wa mzigo, yaani nenda kwa fulani, bei yake iko chini kuliko huyo unayenunua kwake. Basi. Hakuna mtu aliyeambiwa aamini ndoto zake, na hakuna kitabu kingeweza kuwaambia hicho kitu kwa sababu mwandishi wa kitabu hamjui huyo muuzaji, na darasa halimjui, anayemjua ni mtu aliyenunua kwake jana.

Utafiti huohuo una sehemu ambayo upande wa pili wanaishika sana, na ndo inayonifanya niandike haya yote. Ile faida haikudumu, ilikuwa kubwa mwanzoni alafu ikawa inapungua kadiri yule mzoefu na yule mgeni walivyoacha kuonana. Basi wanakwambia umeona? Moto wa kifuu, umewaka umezima. Mi nikisoma palepale naona kinyume kabisa. Kama menta angekuwa anafundisha somo, ukishalijua umelijua, mwalimu akiondoka unabaki nalo. Lakini anachotoa menta mzuri kinachacha. Muuzaji wa bei nafuu wa leo mwezi ujao amepandisha, au mzigo umekwisha, au kaingia mwingine mpya, kwa hiyo usipokuwa na wa kumuuliza unarudi ulikotoka taratibu bila hata kujua. Kupungua kwa ile faida kunatuonyesha wale wanawake walikuwa wananufaika na nini, walikuwa wananufaika na mtu. Na mahusiano yalivunjika sababu hakukuwa na kitu cha kuyashikilia, siyo sababu hayakuwa na thamani. Yaani ni sawa na kusema maji hayasaidii mmea kwa kuwa ulipoacha kumwagilia ulinyauka.

Nikisema hivo najibiwa kwamba hizo ni biashara ndogondogo, startapu ya teknolojia ni habari nyingine. Sawa, twende huko. India kuna utafiti wa 2019 wa Aaron Chatterji na wenzake, waliwachukua waanzilishi 100 wa startapu za teknolojia, wakawakutanisha wawiliwawili bila kuchagua, wapeane ushauri wa namna ya kuongoza watu. Wale waliobahatika kukutana na mwenzao anayeongoza kwa utaratibu, mwenye vikao vya kawaida, malengo yanayoeleweka, anayewaambia wafanyakazi wake mara kwa mara wanaendeleaje, baada ya miaka miwili kampuni zao zilikuwa zimekua kwa asilimia 28 zaidi ya wengine, na uwezekano wa kufa ulikuwa pungufu kwa pointi 10 za asilimia. Na aliyewashauri hakuwa mzee wa tasnia wala bilionea, alikuwa mwanzilishi mwenzao tu. Ila waliokwisha kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, au kupita kwenye aksilereta, yaani programu ya kukuza startapu, ushauri huo haukuwaongezea kitu, jambo ambalo mashabiki wa menta kwa kila mtu kila wakati wanapaswa kulimeza pia.

China nako Jing Cai na Adam Szeidl walichukua kampuni changa zaidi ya 2,800, wakawaweka mameneja wa baadhi ya hizo kampuni kwenye makundi ya watu kama 10 waliokutana kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mapato yakapanda asilimia 8.1, na mikutano ilipoisha faida bado ilionekana mwaka uliofuata. Kulikuwa na kasoro moja ya kibinadamu kabisa, kwamba watu walipokuwa washindani habari nzuri haikusambaa vizuri. Nani asiyejua hilo.

Sasa hapo nimeongelea menta na vikundi. Koneksheni zile za juujuu, za mtu unayemjua kwa jina na salamu, ndo zinadharauliwa zaidi na ndo mi naona zimeonewa zaidi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika makala ambayo hadi leo inatajwa kila mahali, kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Kwenye utafiti wake wa wanaume waliopata kazi kupitia mtu, wanaomwona huyo mtu mara kwa mara walikuwa kama asilimia 17 tu, waliobaki wote walikuwa wanamwona mara mojamoja au kwa nadra sana. Sababu yake ni rahisi, rafiki yako wa karibu anajua unachojua wewe, mnakula meza moja mnasikia stori zilezile. Yule wa mbali anasikia vya kwingine.

Angalia Apple ilivyopata hela yake ya kwanza ya maana. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, alimfuata Nolan Bushnell wa Atari, kampuni ya michezo ya video, bosi wake wa zamani, Bushnell akakataa kuweka hela ila akamwelekeza kwa mwekezaji Don Valentine. Valentine akaenda kuwaona, naye hakuweka hela, akamtaja Mike Markkula, jamaa aliyekuwa ameshastaafu na umri wa miaka thelathini na kitu kwa hela ya hisa za kampuni za chipu, Intel na Fairchild. Markkula ndo akaingia na dola 250,000, sehemu kubwa ikiwa mkopo, na zaidi ya hela akawafundisha biashara inaendeshwaje. Watu wawili wamesema hapana kabla ya mmoja kusema ndiyo. Mtu wa upande wa pili akihesabu pale katikati angesema Jobs anapoteza muda na vikao, angekuwa karakana anachomelea na mwenzake. Na huyo mwenzake, Wozniak, mkimya na mwenye aibu kama unavyosikia, ile kompyuta yenyewe alikuwa anaipeleka Homebrew Computer Club, klabu iliyoanza Machi 1975 kwenye gereji ya mtu, watu wanaonyeshana vifaa, na michoro yake alikuwa anaigawa bure. Hiyo nayo ni netiweki, tena ndo netiweki tamu kuliko zote, ambapo kitambulisho chako ni kazi uliyobeba mkononi siyo kadi yenye cheo.

Wa Airbnb, kampuni ambayo watu wanapangisha nyumba zao kwa wageni mtandaoni, nao hadithi yao inatumiwa vibaya na pande zote mbili. Mwaka 2008 Michael Seibel, mwanzilishi wa startapu nyingine aliyekuwa akiwashauri, aliwatambulisha kwa wawekezaji saba, walikuwa wanatafuta dola 150,000. Watano wakakataa, wawili hawakujibu kabisa. Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi, alikuja kuzianika zile barua za kukataliwa miaka ya baadaye. Kwa hiyo anayesema koneksheni haitoshi ana ushahidi hapo, mlango ulifunguliwa na ndani hawakupewa kitu. Ila endelea na hadithi usiishie hapo. Seibel huyohuyo ndo aliwasukuma waombe Y Combinator, aksilereta ya California, wakaingia mwanzoni mwa 2009, na kule Paul Graham, mmoja wa walioianzisha, akawauliza wateja wenu wako wapi, wakasema New York, akawaambia sasa mnafanya nini hapa. Wakaanza kwenda New York kugonga milango ya wenyeji wao, kukaa nao, kuwapigia picha nzuri za nyumba.

Hebu litazame hilo vizuri. Kitu ambacho upande wa pili wanakihubiri, acha vikao nenda kwa mteja, ndo kitu ambacho menta aliwaambia. Na walihitaji kuambiwa! Ukiwa ndani ya jambo lako mwenyewe hulioni, unajua kila tatizo la programu yako kwa jina, lakini swali la kitoto kama hilo unalipita kila siku. Kwa hiyo mi sioni kama kuna kuchagua kati ya kujenga na kuuliza, aliyekupa swali zuri la dakika moja anaweza akakuokolea miezi sita ya kujenga kitu ambacho hakina mtu wa kukitumia.

Kuna hoja moja nzito kuliko ya muda, nayo ni ya kujuana. Kwamba netiweki ni jina zuri la mtoto wa fulani. Google walipata dola 100,000 za mwekezaji Andy Bechtolsheim Agosti 1998 kwenye baraza la nyumba ya profesa wa Stanford, David Cheriton, hundi imeandikwa kwa jina la kampuni ambayo ilikuwa haijasajiliwa. Ukiwa hujasoma Stanford hilo baraza hulifikii. Nakubali, inauma, na anayekwambia jitahidi tu kujenga netiweki bila kuligusa hilo anakudanganya. Lakini hitimisho wanalolitoa mi nalikataa. Rudi kwenye zile tafiti za Dandora, India na China, watu walikutanishwa kwa kura au bila kuchagua, hawakuchaguana, hawakukutanishwa kwa ubinamu wala kwa kusoma shule moja, na bado wakanufaika. Maana yake faida haitoki kwenye ukoo, inatoka kwenye kukutana na mtu anayejua usichojua, na hilo linaweza kupangwa kwa makusudi kwa ajili ya wale ambao hawana mjomba. Mwenye netiweki ya kuzaliwa anaweza akakwambia kwa raha zake kwamba netiweki ni upuuzi, kajenge, yeye baraza analo nyumbani.

Pale ambapo wananishinda kweli ni kwa Elizabeth Holmes wa Theranos, kampuni ya vipimo vya damu. Alipokuwa mwanafunzi Stanford alimfuata Phyllis Gardner, profesa wa tiba, na wazo la kibandiko cha dawa, Gardner akamwambia hicho kitu hakiwezekani. Holmes akaenda kwa wengine waliomkubali. Baadaye kwenye bodi alikuwa na Henry Kissinger, George Shultz, James Mattis, wakubwa wa serikali na jeshi la Marekani, majina ambayo mwanzilishi yeyote angeota, akakusanya zaidi ya dola milioni 700, na Januari 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Menta wa kweli alimpata, tena mapema na bure. Netiweki kubwa ndo ilimpa nafasi ya kumkimbia, maana ukijuana na watu wengi humkosi wa kukwambia unachotaka kusikia, na wale mabwana wa heshima kwa vipimo vya damu hawakuwa na la kumwambia wala la kumuuliza, walikuwa wanajua vita na siasa za nchi. Yule mwanamke mzoefu wa Dandora asingeingia kwenye bodi ile, ila alikuwa anaijua biashara anayoiongelea.