Datsun Ilipopanda Hadi F

Mwanamuziki Chris Rea aliiweka gari lake la buluu, Caterham, kwenye jalada la albamu ya Auberge, mwaka 1991, akatosheka. Mpiga besi wetu hakutosheka. Alitaka Datsun 240Z yake iimbe kabisa kwenye rekodi ya bendi yetu. "Gari hili limeshinda Safari Rally 1971, likarudia 1973," alisema, kana kwamba ni hilohilo lake, ambalo mlima wa Limuru hulishinda.

Hesabu nilimpa mimi, mjinga. Injini ya silinda sita hulipua mara tatu kila mzunguko, kwa hiyo gawanya mizunguko ya dakika kwa 20 upate hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa, noti ya E, ni hezi 82.4. Shikilia mshale wa mizunguko kwenye 1,650 na gari linaimba E.

Mlango wa gereji tuliuacha wazi, maana moshi hauna urafiki. Maiki ikae nusu mita kutoka ekzosi, pembeni, isipigwe na hewa. Mpiga ngoma akadai sauti haina uzito, akaisogeza hadi mdomoni mwa ekzosi. Sponji ikayeyuka ikawa kama jibini.

Feni nayo ilikuwa inavuma mbele na kuingia kwenye rekodi. Nikaleta blanketi, nikafunika grili. Kimya kizuri! Nilijisifu.

Tukavuta choki, kile kishikio cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi, ili injini ijishikilie yenyewe bila mguu. Dakika mbili, E safi. Lakini injini ikipata joto huwa nyepesi, na choki ikiwa bado nje mizunguko hupanda: 1,750, tayari ni F, noti inayofuata juu ya E. Mpiga gitaa akaanza kukaza nyuzi alifuate gari. Nikapiga kelele warudishe choki. Hakuna aliyesikia, na petroli ya ziada ikazijaza plagi masizi. Silinda moja ikakata. Mpiga besi akatabasamu: "Sikiliza, linaswingi!"

Mshale wa joto hakuna aliyeutazama. Gari limesimama, hakuna upepo wa barabara, na redieta imevishwa blanketi langu. Mfuniko wake ukaachia: shhhhhhh! Maji ya kutu yakaniloweka kiunoni. (Usiufungue ukiwa moto. Huo ulijifungulia.)

Injini ilipozimwa, mpiga ngoma akavua hedifoni.

"Hiyo simbali ya mwisho, kapiga nani?"