Patasi ya Barnard na mawe ya watu wa Cuxa

Wapo wanaosema George Grey Barnard aliisaliti patasi yake alipoanza kuuza mawe ya kale. Sikubaliani nao. Mchongaji huyu Mmarekani, aliyezaliwa 1863, aliingizwa kwenye biashara na shida. Mwaka 1902 alipewa kazi ya kuchonga sanamu za jengo la bunge la jimbo la Pennsylvania. Akahamia Ufaransa kuifanya, kisha malipo yakakwama katikati ya kashfa ya ufisadi wa ujenzi wa jengo hilohilo. Mafundi wake walihitaji kulipwa. Akaanza kuzunguka vijijini akinunua michongo ya Zama za Kati na kuiuza.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomfaa. Tangu monasteri, yaani makao ya watawa, zifungwe wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, michongo iliyokuwa humo ilikuwa imetapakaa mashambani na kwenye bustani za watu. Penye jiwe la kujengea ukuta, Barnard aliona kazi ya mkono wa mchongaji mwenzake. Sanamu ya kaburi la Jean d'Alluye, mpiganaji wa Vita vya Msalaba wa karne ya 13, inasimuliwa kuwa ilikutwa imelazwa kifudifudi juu ya kijito, watu wakivukia mgongoni. Kwa kuokoa vitu kama hivyo, namheshimu sana.

Lakini nguzo za ua wa monasteri ya Saint-Michel-de-Cuxa, iliyoko milimani kusini mwa Ufaransa, sizimezi kirahisi. Alizinunua kwa wenyewe, tena kwa fedha halali. Wafaransa walipopiga kelele mwaka 1913 kupinga mawe yao kuondolewa, aliharakisha kusafirisha mizigo yake kwenda Marekani, na sheria ya kulinda majengo ya kihistoria ikapitishwa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Mimi nasema risiti ya mwenye shamba si idhini ya watu wote walioishi na mawe yale kwa vizazi. Mchongaji alipaswa kulijua hilo kuliko tajiri yeyote, kwa kuwa nguzo ilichongwa kwa ajili ya ua wake, mwanga wake na milima yake.

Mwaka 1914 alifungua makumbusho yake New York, walinzi wakivaa majoho ya watawa. Mwaka 1925 makumbusho ya Metropolitan yakanunua vyote kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller Mdogo. Jengo jipya la kuvihifadhi, liitwalo The Cloisters, lilifunguliwa Mei 1938, wiki chache tu baada ya Barnard kufariki. Nguzo za Cuxa zimo humo hadi leo, na nyingine zimebaki kwao Ufaransa. Ningependa zikutane tena, na zikutane Cuxa.