Leteni namba, msiniletee ukoo

Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp alituma picha ya Ilhan Omar, yule Msomali aliyechaguliwa kuingia Bunge la Marekani, chini yake kaandika: "Huyu wetu, wa Utange." Sawa. Ni kweli aliishi kambini Utange miaka kama minne kabla ya kwenda Marekani, na sisi watu wa Mombasa tukijisifia naye hatumpunguzii kitu. Lakini mwingine akadakia: "Wasomali wamejaa Minneapolis, walipigia kabila lao tu, hakuna cha ajabu." Chai ikanipalia.

Ukabila ni ugonjwa wetu, basi kila anayekohoa tunadhani anao.

Tazameni eneo bunge lenyewe, 60B, ndiko alikoanzia. Bunge la chini la Minnesota, jimbo lenye jiji la Minneapolis, lina viti 134, na kila eneo la seneta limekatwa vipande viwili, A na B. Kipande hiki kina mtaa wa Cedar-Riverside, wenye yale maghorofa marefu ya Wasomali, lakini pia kina Chuo Kikuu cha Minnesota na mitaa ya wanafunzi ng'ambo ya mto Mississippi. Tangu uchaguzi wa 1972 mbunge alikuwa Phyllis Kahn. Mipaka ilichorwa upya mara kadhaa, namba zikabadilika (kabla ya ile ya 2012 liliitwa 59B), mama yuko pale pale.

2014 Mohamud Noor, Msomali, akamkabili Kahn kwenye mchujo wa DFL, ndio Democrats wa kule. Wawili tu, Msomali mmoja, Mzungu mmoja. Mkutano wa chama pale Brian Coyle Center, kituo cha jamii cha Cedar-Riverside, uliishia kwa ngumi, na Ilhan, aliyekuwa msaidizi wa diwani, ni mmoja wa walioumizwa. Kwa hesabu za kundi letu, kabila lingemaliza kazi hapo. Kahn akashinda.

2016 Wasomali wakawa wawili, Noor tena na Ilhan. Kwetu wazee wangeketi, mmoja angeahidiwa uenyekiti wa bodi fulani, akajitoa "ili tusigawanye kura". Kule hakujitoa mtu. Ilhan akapata asilimia 41 hivi, Noor karibu 30, na Kahn, na miaka yake 44 bungeni, akashika mkia! Sasa niambieni, ni kabila gani hilo linaloshindwa likiwa na mgombea mmoja, halafu likigawanyika ndio linashinda? Ilhan aliwasaka wanafunzi, akawasaka Wazungu waliokuwa wakimpa Kahn kura kwa mazoea, akabisha hodi milango ambayo mtu wa kuhesabu koo asingejisumbua kuigusa. Mchujo wenyewe ni Agosti, wanafunzi wengi wako likizo, na waliopiga kura hawakufika 6,000. Katika uchaguzi mdogo hivyo, kila mlango una uzito.

Na mpinzani wake wa Novemba kwa tiketi ya Republican? Abdimalik Askar. Msomali pia, ingawa kampeni aliisimamisha mapema.

Haya, shingo upande nakubali: bila Cedar-Riverside asingefika. Na Kahn hakuwa mbunge wa bure. Sheria ya 1975 iliyowabana wavutaji sigara ndani ya majengo ya umma, ya mwanzo ya aina yake kwa jimbo zima huko Marekani, ni kazi yake. Lakini hakuna aliyemtoa kwa sababu ya rangi yake. Waliomchagua 2014 walikuwa hawa hawa wa 60B.

Ilhan alikaa pale muhula mmoja wa miaka miwili, kisha akaenda Washington. Uchaguzi wa 2018 kiti kikamwendea Noor, ambaye tayari alikuwa ameshindwa mara mbili papo hapo. Picha ya huyo hatutumiani.

Anayetaka kubisha, matokeo ya michujo yote miwili yamewekwa hadharani. Leteni namba.